Nani Alichangia Tendaguru?

Mwaka 1920 mtaalamu wa Kijerumani Werner Janensch alimpa jina dinosaria mmoja mwembamba, mwenye miguu ya mbio, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, kusini mwa Tanzania ya leo. Alimwita Elaphrosaurus bambergi. Neno la pili linamkumbuka Paul Bamberg, mwenye viwanda aliyetoa fedha zake kugharimia uchimbaji. Miaka sita kabla ya hapo, 1914, Janensch alikuwa amempa dinosaria mwingine wa huko huko jina la Dicraeosaurus hansemanni, kwa heshima ya David von Hansemann, daktari wa Berlin aliyekuwa mstari wa mbele kukusanya michango. Ukitoa fedha, au ukiwahimiza wenzako watoe, unapewa dinosaria. Sijapata kuona kadi ya mchango yenye shukrani kubwa kuliko hiyo.

Mambo haya niliyajua nikiwa fildi. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya historia, na kama wanafunzi wote wa vyuo vyetu nilitakiwa kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo ndefu. Wenzangu walikimbilia benki na mashirika yenye viyoyozi. Mimi nilipeleka barua kwenye makumbusho moja ya umma jijini Dar es Salaam. Barua yangu ilijibiwa upesi kuliko za wote, jambo ambalo wajomba zangu walilichukulia kuwa dalili mbaya.

Kazi waliyonipa mwanzoni ilikuwa ya ghalani. Nilishika chungu, nikasoma namba iliyoandikwa kwa wino kitakoni, nikaitafuta kwenye daftari kubwa la usajili, nikaona kama maelezo yanalingana, kisha nikaingiza kwenye kompyuta. Baada ya chungu, kigoda. Baada ya kigoda, upawa, kinu, ngoma, mkeka. Mgeni anayelipa kiingilio huona sehemu ndogo tu ya mali ya makumbusho. Iliyobaki imelala kwenye rafu, ikisubiri fedha za kuitoa nje. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza, na lilinisaidia kuelewa kwa nini watu wa makumbusho, hata wakizungumzia mambo ya kale namna gani, mazungumzo yao huishia kwenye bajeti.

Siku moja mhifadhi aliyekuwa akinisimamia aliniita ofisini kwake. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye karatasi. Alikuwa na wazo la onyesho dogo la picha kuhusu Tendaguru, litakaloanza Dar es Salaam kisha lisafiri hadi Lindi. Fungu lililokuwapo lisingetosha hata kuchapa nusu ya mabango.

"Mwanangu, nyie ndio watu wa simu," aliniambia. "Hebu niandikie mpango wa kuwachangisha wananchi. Mmoja mmoja, kidogo kidogo. Lakini usiniletee ndoto, niletee hesabu."

Nilianza kwa kusoma habari ya mifupa yenyewe, maana huwezi kumwomba mtu pesa kwa ajili ya jambo usilolijua. Tendaguru ni kilima kilichoko kiasi cha kilomita 60 kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler alitoa taarifa ya mifupa mikubwa iliyojitokeza juu ya ardhi. Mwaka uliofuata mtaalamu Eberhard Fraas alifika kuithibitisha. Wakati huo nchi ya kusini ilikuwa imetoka kuteketezwa katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mashamba yalikuwa yamechomwa na njaa imeua watu wengi. Juu ya ardhi hiyo hiyo, kuanzia 1909 hadi 1913, makumbusho ya Berlin iliendesha uchimbaji mkubwa wa dinosaria ambao haukuwa umewahi kuonekana Afrika. Janensch na Edwin Hennig walianza kuuongoza, na baadaye akaja Hans Reck.

Kazi yenyewe ilifanywa na watu wa kusini: Wamwera, Wayao, Wangoni na wengineo. Idadi ya vibarua ilianza na watu zaidi ya 100 na ikapanda hadi mamia. Walifyeka, wakachimba mashimo, wakasafisha mifupa, wakaifunga isivunjike njiani, kisha wakaibeba hadi bandarini Lindi. Wanyama wa mizigo wasingeweza kuishi katika nchi ya mbung'o, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kwa kichwa na bega, na mifupa mikubwa ilining'inizwa kwenye miti na kubebwa na watu kadhaa kwa pamoja. Safari ilikuwa ya siku kadhaa kwa miguu. Kwa jumla zilisafirishwa zaidi ya tani 200. Kutoka Lindi meli zilipeleka mzigo Ujerumani, na mwaka 1937 mjusi mkubwa kuliko wote, ambaye leo wataalamu wanamwita Giraffatitan brancai, alisimamishwa ukumbini Berlin, kimo chake mita 13 na ushei. Yuko huko mpaka leo. Jina lake nalo linamkumbuka Wilhelm von Branca, profesa wa Berlin aliyeupigia debe uchimbaji huo kwa wafadhili.

Nilipofika hapo kwenye masomo yangu niligundua kwamba kazi niliyopewa ilikuwa imewahi kufanywa. Uchimbaji wa Tendaguru ulitegemea sana harambee. Chama cha wapenzi wa sayansi ya viumbe cha Berlin, matajiri, maprofesa na taasisi mbalimbali walichangishana. Walikuwa na kamati na orodha ya watoaji, na walikuwa na namna ya kusema asante: kuandika jina la mtoaji ndani ya jina la mnyama, litamkwe na kila mwanasayansi atakayemtaja mnyama huyo hadi mwisho wa dunia.

Basi nikatazama na wengine walifanyaje. Mfano ulionikaa zaidi ni wa New York. Mwaka 1885 Sanamu ya Uhuru ilikuwa imeshakamilika Ufaransa na kufungwa kwenye masanduku, lakini fedha za kujenga msingi wa kuisimamishia huko New York zilikuwa zimekwisha. Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la The World, aliwageukia wasomaji wake wa kawaida, akaahidi kuchapa jina la kila atakayetoa, hata akitoa senti. Ndani ya miezi michache zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya laki moja, wengi wao wakiwa wametoa chini ya dola moja. Sanamu ilizinduliwa Oktoba 1886.

Mwaka 2010 makumbusho ya Louvre, Paris, iliwaomba wananchi Euro milioni moja ili kukamilisha ununuzi wa mchoro wa Lucas Cranach wa karne ya 16. Watu wapatao 7,000 walichangia na lengo likafikiwa kabla ya siku ya mwisho. Mwaka 2015 makumbusho ya Smithsonian, Marekani, ilichangisha kupitia mtandao wa Kickstarter ili kuhifadhi vazi alilovaa Neil Armstrong mwezini. Iliomba dola 500,000, ikapata zaidi ya 700,000 kutoka kwa watu zaidi ya 9,000, na Julai 2019 vazi likarudi mbele ya wageni, miaka 50 tangu Armstrong akanyage mwezi.

Mifano hii ilinifundisha mambo ambayo hayaonekani kwa haraka. Louvre na Smithsonian hazikuomba pesa "kwa ajili ya makumbusho". Ziliomba kwa ajili ya kitu kimoja ambacho mtu anaweza kukionyesha kwa kidole: mchoro huu, vazi hili. Pulitzer naye aliomba pesa ya msingi wa sanamu ambayo kila mtu alijua iko kwenye masanduku. Pia Louvre na Smithsonian zilitaja kiasi na siku ya mwisho. Smithsonian ilikutana na swali gumu: taasisi inayolipiwa na kodi inawaombaje wananchi tena? Ilibidi ieleze kwamba fedha za serikali zinalipia majengo na watumishi, na kazi kama hii hutegemea wafadhili. Niliandika swali hilo kwenye daftari langu na kulipigia mstari, maana nilijua Dar es Salaam litaulizwa kabla hata sijamaliza kusalimia.

Halafu nilikaa na hesabu, kama nilivyoagizwa. Tuseme unahitaji shilingi milioni 20 na unaomba shilingi 5,000 kwa kila mtu. Unahitaji watu 4,000. Ili watu 4,000 watoe, wanaousikia ujumbe wako lazima wawe wengi mara nyingi zaidi, kwa sababu walio wengi husoma, wakasema "wazo zuri", wakaendelea na shughuli zao. Ukiomba 50,000, unahitaji watu 400, lakini hao 400 si wale wale. Hao unawafuata kwa simu na kwa miguu. Aidha kila muamala una makato, na makato ya simu humuuma zaidi anayetuma kidogo. Kwa hiyo neno "wananchi wachangie" lina ndani yake uamuzi: unamtafuta mwananchi yupi, na utamfikia kwa njia ipi.

Upande wa matumizi ulikuwa na mafunzo yake. Mgeni akiona picha ukutani hudhani gharama ni picha. Kumbe kuna haki za kuitumia picha hiyo, maana nyingi zimehifadhiwa Ujerumani. Kuna kuandika maelezo, kuyahariri na kuyaweka kwa lugha mbili. Kuna kuchapa, fremu, taa, usafiri, posho ya walinzi, na mahali pa kuyahifadhi mabango onyesho likiisha. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na siku ya ufunguzi yenye turubai, viti, vipaza sauti, maji ya chupa na mgeni rasmi, kama ilivyo desturi. Mhifadhi aliisoma, akaweka kalamu kwenye mstari huo.

"Ufunguzi ni saa mbili," alisema. "Onyesho ni miezi. Sasa mbona saa mbili zinakula theluthi ya pesa?"

Tukaupunguza. Tangu siku hiyo, kila nikipewa bajeti ya shughuli ya utamaduni, hutafuta kwanza mstari wa ufunguzi. Unaeleza mengi kuhusu nani hasa anatarajiwa kufurahi.

Lakini mwalimu mkubwa wa uchangishaji nchini kwetu hayuko New York wala Paris. Ni kamati ya harusi. Mtanzania asiyewahi kuona tovuti ya kuchangisha anajua kila kitu kuihusu, kwa sababu ameshaketi kwenye vikao. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna bajeti inayosomwa hadharani na kubishaniwa. Kuna kadi ya mtu mmoja na kadi ya watu wawili. Kuna ahadi, na kuna siku ya mwisho ya kutimiza ahadi. Kisha kuna ile orodha kwenye kundi la WhatsApp: jina, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilicholipwa. Kila mtu anapolipa, orodha inarushwa upya, na ambaye bado hajapunguza ahadi yake anajiona mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Pulitzer alihitaji mtambo wa kuchapa magazeti. Mweka hazina wa harusi ya Mbagala anafanya jambo hilo hilo kwa kidole gumba, bila mshahara, saa tano za usiku.

Nilitaka kuuchukua mtindo huo wote na kuuhamishia kwenye makumbusho. Haukuhamia wote. Mtu anachangia harusi kwa sababu anamjua bwana harusi, au anamjua mama yake, na kwa sababu kesho na yeye atakuwa na binti wa kuoza. Ni akiba iliyowekwa kwa watu. Makumbusho haitakuja kwenye harusi yako wala kwenye msiba wako. Na waswahili wamesema mkono mtupu haulambwi. Ilibidi nijiulize makumbusho ina nini mkononi.

Ili nipate jibu nilitoka nje ya geti na kuujaribu ujumbe wangu kwa watu. Niliwaeleza madereva wa bajaji waliokuwa wakisubiri abiria, mama ntilie aliyetupikia mchana, na wanafunzi wa sekondari waliokuja kwa ziara. Maswali yao yalikuwa makali kuliko ya mkaguzi.

"Mjusi mwenyewe atakuwepo?" aliuliza dereva mmoja. Nilimwambia hapana, yuko Berlin, tutaonyesha picha. "Kwa hiyo nichangie picha ya mali yangu?"

Mwingine akataka kujua kama akishachangia, siku ya kuja ataombwa kiingilio tena. Mwingine akauliza pesa anaishika nani. Mwanafunzi mmoja akauliza kama Lindi wataliona kwanza au watapelekewa likishachoka. Mama ntilie alisikiliza yote huku akipakua wali, kisha akauliza lake.

"Hao waliobeba, majina yao mnayo?"

Nilimjibu kwamba tunayo machache. Yameandikwa majina ya baadhi ya wasimamizi na mafundi, na anayejulikana zaidi ni Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa vibarua na fundi wa kuisafisha mifupa. Wachukuzi walio wengi wamebaki kuwa idadi kwenye taarifa.

"Basi anzeni na hao mlio nao," alisema. "Maana hao ndio walichanga mwanzo."

Nilirudi mezani nikaifungua upya ile sehemu ya mpango wangu iliyohusu shukrani kwa wachangiaji. Kwa kufuata mifano ya nje nilikuwa nimepanga madaraja: anayetoa kidogo apate ujumbe wa asante, anayetoa zaidi apate kadi ya kuingia na familia, na anayetoa kikubwa jina lake liandikwe kwenye bango la mlangoni, kwa herufi kubwa. Sasa niliona bango hilo lingesemaje. Mgeni angeingia kwenye onyesho linalohusu wachukuzi waliosahauliwa, na kitu cha kwanza kukisoma kingekuwa majina ya waliotoa pesa. Tungekuwa tumefanya jambo lile lile la 1914, tofauti ikiwa tu herufi za Kiswahili.

Boheti bin Amrani naye amepata dinosaria wake. Mwaka 2007 mtaalamu Kristian Remes, akichunguza pingili mbili za shingo zilizotoka Tendaguru, alimpa mnyama wake jina la Australodocus bohetii. Bamberg aliyetoa fedha alishukuriwa mwaka 1920. Boheti aliyetoa nguvu, ujuzi na miaka yake alishukuriwa 2007. Kati ya shukrani hizo mbili kuna miaka 87, na sioni kipimo bora kuliko hicho cha kuonyesha tofauti ya hadhi kati ya fedha na jasho katika historia ya makumbusho.

Hapo ndipo mpango ulipopata kiini chake. Tuliandika, mimi na mhifadhi, kwamba bango la kwanza litakuwa la majina ya watu wa Tendaguru yanayojulikana, pamoja na sentensi ya wazi kuhusu mamia ambao majina yao hayakuandikwa. Wachangiaji wa sasa watafuata kwenye bango la mwisho, kwa mpangilio wa alfabeti, herufi za ukubwa mmoja, bila kutaja nani alitoa kiasi gani. Aliyetoa 2,000 na aliyetoa laki mbili watasimama mstari mmoja. Mfanyakazi mwenzetu wa kitengo cha masoko alitabiri kwamba matajiri watakasirika. Huenda alikuwa sahihi, ila tulikubaliana kwamba onyesho lenye ujumbe huo haliwezi kuwa na madaraja kwenye ukuta wake.

Swali la pesa anaishika nani lilijibiwa na utaratibu wa serikali. Taasisi ya umma haiwezi kuwaambia watu watume mchango kwenye simu ya mtumishi, hata awe mwaminifu namna gani. Tangu 2017 taasisi za serikali zimekuwa zikiingizwa kwenye mfumo wa malipo ya kielektroniki, na mlipaji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ile tunayoitumia kulipia leseni na ada. Kwa upande wa uaminifu hiyo ni nguvu kubwa: pesa inaingia mahali panapokaguliwa. Kwa upande wa wepesi ni mlima. Mtu aliyezoea kutuma M-Pesa akiwa kwenye daladala hataki kuomba namba kwanza ili atoe 2,000. Tulijifunza kwamba penye vizuizi hivyo nchi nyingine hutumia chama cha marafiki wa makumbusho, kilichosajiliwa peke yake, chenye akaunti na wakaguzi wake. Wenzetu wa Kenya wana Kenya Museum Society tangu 1971, na kinasaidia makumbusho ya taifa lao kwa miradi ya namna hii. Nilipendekeza tuwe na kitu kama hicho. Pendekezo lilipokelewa vizuri na kuwekwa kwenye faili, na faili zina maisha yao.

Mpango mzima haukutekelezwa nikiwa pale. Kilichotekelezwa ni toleo dogo, na lilitokana na sura ya rasimu ambayo nilikuwa nimeiandika mwisho kwa haraka: michango isiyo ya fedha. Mwenye duka la uchapaji, ambaye baba yake ni mtu wa Lindi, alikubali kuchapa mabango kwa bei ya malighafi tu. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili alihariri maelezo bure, na alifuta sentensi zangu nyingi zilizokuwa zinajisifu. Usafiri, ambao ulikuwa umetutisha kwenye bajeti, ulitatuliwa na korosho. Msimu wa mavuno, kuanzia Oktoba, malori mengi hushuka kusini kufuata mzigo, na mengine hushuka matupu. Mwenye lori mmoja alisema mabango hayali dizeli. Yakafika Lindi, yakapita katika shule kadhaa, na watoto wakasoma jina la Boheti bin Amrani kwenye ukuta wa darasa lao.

Toleo hilo dogo lilinipa somo ambalo vitabu vya uchangishaji huligusa kidogo tu. Ukimwomba mtu fedha, unamwomba kile ambacho kila mtu anamwomba, na ambacho huenda hana. Ukimwomba ujuzi wake, nafasi kwenye lori lake, sauti yake redioni au ukumbi wake siku isiyo na shughuli, unamwomba kitu ambacho yeye tu anacho, naye hutoa kwa fahari. Kwa nchi kama yetu, yenye mifuko myepesi na mafundi wengi, sura hiyo ilistahili kuwa ya kwanza katika mpango.

Kuna watakaosema haya yote ni kazi ya serikali. Sehemu kubwa ni kazi yake kweli. Kuta, paa, walinzi, ghala lisilovuja na mishahara ya wahifadhi ni jukumu la kodi, na mchango wa wananchi ukitumiwa kuziba mapengo hayo unakuwa kisingizio cha kuyaacha wazi. Harambee inafaa kwa kitu cha ziada chenye mwanzo na mwisho, ambacho wananchi wenyewe wanakitaka kiwepo. Swali la kuirudisha mifupa ya Tendaguru limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja, na litaendelea kuulizwa. Wakati mazungumzo hayo yakiendelea, habari ya watu walioichimba na kuibeba haihitaji meli wala mkataba ili irudi. Inahitaji mabango, mwalimu na lori.

Kwa kijana anayejiandaa kwenda fildi makumbusho, nakushauri usidharau kazi ya ghalani. Bila kuhesabu vyungu nisingejua onyesho linatoka wapi. Omba kusoma bajeti, hata kama hakuna anayekulazimisha. Toka nje ya geti na umweleze wazo lako mtu asiyelipwa kulisifu.

Na kwako msomaji, siku makumbusho au kikundi cha utamaduni kitakapokuomba mchango, usitoe kwa sababu ya haya, na usikatae kwa sababu ya mazoea. Uliza kitu gani hasa kitatengenezwa na kwa siku ngapi. Uliza pesa inaingia akaunti ya nani, na hesabu zitasomwa wapi. Kisha uliza majina ya nani yatakuwa kwenye bango la kwanza. Wakikujibu yote matatu bila kuzungukazunguka, toa ulichonacho, na kama ni nafasi kwenye lori, sema mapema.